Mboga Ndani ya Zizi la Ayeeyo

Zizi letu liko nyuma ya nyumba, pembeni mwa mji wa Garissa, mahali ambapo dereva wa tuktuk husimama na kukwambia ushuke umalizie kwa miguu kwa sababu ya mchanga. Ukuta wake ni matawi ya miiba yaliyorundikwa mpaka kifuani mwa mtu mzima. Ayeeyo, mama mzazi wa mama yangu, alilipima kwa hatua zake mwenyewe mwaka tuliohamia hapa, na lilikuwa zizi la mbuzi themanini.

Ukame ulipokuja mbuzi walikufa mmoja mmoja, halafu wanne wanne. Wachache waliobaki, mjomba wangu, ambaye tunamwita abti, aliwaswaga akaenda nao upande wa Bura kutafuta malisho. Zizi likabaki na samadi na manyoya yaliyonasa kwenye miiba. Hata hivyo Ayeeyo hakuliacha. Kila asubuhi alitoka na fimbo yake, akazunguka ukuta wote, na palipokuwa na pengo alisukumia tawi. Alikuwa akilinda zizi lisilo na kitu.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sikuendelea. Nilishinda nyumbani. Mimi si mtu wa maneno. Hata dukani nilikuwa naonyesha kitu kwa kidole. Lakini shuleni tulikuwa na bustani ndogo, na miaka miwili mfululizo mwalimu alinipa mimi kazi ya kuimwagilia, kwa kuwa wenzangu waliacha maji wakaenda kucheza mpira. Nilijua kitalu, nilijua matuta, nilijua kufunika udongo kwa nyasi kavu ili jua lisiunyonye. Nilipolitazama lile zizi sikuona pengo la mbuzi. Niliona samadi ya miaka mingi, na ukuta ambao hakuna mbuzi wa jirani angeupita.

Ilinichukua siku tatu kulitoa neno mdomoni.

"Ayeeyo, naomba zizi."

Alikuwa ameketi mlangoni na tasbihi yake. "La nini? Una mbuzi?"

"La mboga."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mboga! Mbuzi anakula majani, mimi namla mbuzi. Kwa nini nimruke mbuzi nikagombanie chakula chake?"

Mama alikuwa akipepeta mchele karibu nasi. "Mama, mpe tu," alisema. "Sukuma ninayonunua sokoni inafika hapa imelala kama kitambaa. Na huyu kijana akikaa bila kazi ataota mizizi yeye mwenyewe."

Ayeeyo alinitazama kwa muda mrefu, vile anavyomtazama ndama anapotaka kujua kama ataishi. Kisha akatoa hukumu. Nilichukue zizi mpaka mvua za deyr, zile za kuelekea mwisho wa mwaka. Mvua zikinyesha, abti atarudi na mbuzi.

"Siku hiyo nikikuta zizi linalisha watu, tutaongea," alisema. "Nikikuta halilishi, mbuzi wanaingia. Na hizo mboga zako watazila wao, angalau zipate mwenyewe."

Nilianza siku iyo hiyo. Nilichimba matuta matano, nikayanyoosha kwa kamba. Sukuma wiki niliipa matuta mawili, na spinachi, kunde na bamia kila moja tuta lake. Watu wanafikiri adui wa mboga hapa kwetu ni kukosa maji. Maji ni tatizo, ndiyo, lakini jua ni baya zaidi. Mche mchanga ukikutana na jua la saa saba bila kivuli, jioni hutaona hata alama yake. Nikasimamisha miti, nikafunga magunia ya mchele yaliyopasuliwa, nikawa na paa chini kidogo ya kiuno changu. Nilipalilia nikiwa nimepiga magoti.

Vijana wa mtaani waligundua haraka. Nikipita dukani na jembe, mmoja alikuwa anaita, "Karibuni, mama mboga amefika!" Mwingine anauliza, "Mama mboga, leo sukuma ni ngapi?" Na yule wa tatu, aliyekuwa rafiki yangu tangu madrasa, akamalizia: "Mwacheni. Ni mama mboga wa kwanza mwenye ndevu." Ndevu zenyewe zilikuwa nywele sita hivi. Nilipita nikiwa nimelishika jembe vizuri begani, nisionekane nalificha.

Kwa wiki tatu kila kitu kilikwenda sawa. Miche ilitoka, ikasimama, ikatoa majani manne. Halafu ikaanza kuwa ya njano. Kwanza sukuma, kisha spinachi. Nikaongeza maji, nikashona magunia kupunguza jua. Njano ikazidi. Nilikuwa nakaa kati ya matuta nikitazama majani hayo, nisijue nimuulize nani.

Ayeeyo alikuja kunitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia zizini tangu nianze. Aliinama, akashika jani la sukuma kwa vidole viwili kama anayefungua mdomo wa mnyama kuangalia meno.

"Huyu ni dhaifu," alisema. "Hana nguvu za kusimama."

"Sijui nimfanyie nini, Ayeeyo."

"Hujui? Wewe umekulia wapi? Ngamia akidhoofika, manyoya yakabadilika rangi, anapewa nini?"

Nilijua jibu. Kila mtoto wa kwetu analijua. "Chumvi."

"Basi?"

Ndani ya nyumba kulikuwa na nusu gunia la chumvi ya mifugo, ile ya mabonge ya kijivu, iliyobaki tangu mbuzi walipokuwapo. Ayeeyo aliitwanga mwenyewe kwenye kinu, akapepeta, akanipa kwenye beseni. Nasema ukweli, sikumtii kwa heshima tu. Niliamini. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu ngamia aliyeshindwa kuinuka akipelekwa kwenye udongo wa chumvi, na baada ya siku chache akapiga mbio. Sikuona kwa nini mche uwe tofauti. Tulinyunyiza matuta matatu, yale ya sukuma na la spinachi, yeye upande huu na mimi upande ule, na tukamwagia maji juu yake ili iingie vizuri. Kunde na bamia hatukuzigusa kwa kuwa hazikuwa na njano nyingi.

"Bismillahi," Ayeeyo alisema alipomaliza, akajipangusa mikono. "Sasa utaona."

Niliona. Siku ya pili kingo za majani zilikuwa kahawia. Siku ya tatu majani yalikunjamana kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Siku ya tano matuta matatu yalikuwa tupu, na juu ya udongo kulikuwa na utando mweupe mwembamba. Ayeeyo alipozunguka ukuta wake asubuhi aliupita upande ule bila kugeuza uso. Nami sikumlaumu. Mikono ilikuwa minne, na miwili ilikuwa yangu.

Mama ndiye aliyenituma sokoni. Kuna mama mmoja mkulima kutoka mashamba ya kando ya mto Tana ambaye huuza miche na mboga, naye huongea Kiswahili cha watu wa mto. Nilisimama mbele ya meza yake mpaka wateja watatu wakaja wakaondoka. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote, na yote yakaniponyoka.

"Kijana, umekuja kununua au kunilinda?" aliniuliza.

"Mboga zangu zimekufa."

"Pole. Zimekufaje?"

Nikamweleza. Zizi, samadi, njano. Nilipofika kwenye chumvi nilishusha sauti, lakini alisikia.

"Umeweka nini?"

"Chumvi."

"Chumvi ya kupikia?"

"Ya ngamia."

Alimshika mkono mwenzake wa meza ya pili. "Njoo usikie haya! Sisi tunatia chumvi sufuriani, wenzetu wanaitia shambani kabisa, mboga ichumwe ikiwa tayari!" Wakacheka wote wawili, na mimi nikatazama viatu vyangu. Lakini sikuondoka. Nafikiri ndicho kitu kilichomfanya aache kucheka. Akanisogezea debe nikalie.

"Sikiliza, mwanangu. Ugonjwa wa kwanza haukuwa ukosefu wa chumvi. Umepanda kwenye samadi tupu. Samadi ya mbuzi ni kali, inaunguza mizizi. Chumvi ikaja kumalizia. Kwangua udongo wa juu, kiganja kizima na zaidi, ukautupe mbali. Leta udongo mwekundu, changanya na ile samadi ya chini iliyooza zamani. Halafu maji. Maji mengi mpaka chumvi iliyobaki ishuke chini. Ukipanda kabla ya hapo umepanda kaburi."

"Maji mengi kiasi gani?"

"Mengi kuliko unayoyafikiria."

Alinifungia miche ya sukuma kwenye gazeti bichi, kisha akaongeza mingine bila kuambiwa.

Udongo haukuniogopesha. Nilikwangua kwa siku nne, nikaubeba kwa karai mpaka kwenye korongo, nikarudi na udongo mwekundu. Kilichoniogopesha ni maji. Kwetu maji huja kwa mkokoteni wa punda, mitungi michache, na yanagawanywa: ya kunywa, ya kupika, ya kufua, ya udhu. Ilikuwa hagaa, msimu wa upepo na vumbi, na hata punda walikuwa wakichelewa kisimani. Mama aliniambia kwa upole kwamba hawezi kunipa zaidi ya mtungi mmoja kwa siku. Mtungi mmoja ungetosha kunde na bamia zilizobaki. Usingeosha chumvi ya matuta matatu.

Nilikaa nikihesabu watu wa nyumba yetu. Saba. Kila mmoja anatawadha mara tano kwa siku. Anainua birika, anaosha mikono, anasukutua, anaosha uso, mikono mpaka viwikoni, miguu, na maji yote yanamwagika mbele ya mlango, yanaingia mchangani. Maji safi, bila sabuni. Nilikuwa nimeyaruka kila siku ili nisichafue viatu.

Mawe ya kukalia wakati wa udhu yalikuwa karibu na mlango kwa sababu ya Ayeeyo, ambaye magoti yake yanamuuma. Nilichagua kona ya juu ya zizi, nikapeleka huko jiwe moja bapa, nikachimba mfereji kutoka pale kupitia kila tuta, nikaupaka udongo wa mfinyanzi ili maji yasipotelee njiani. Kisha nilikwenda kumuuliza mwalimu wangu wa madrasa kama kuna ubaya maji ya udhu kumwagilia chakula. Alisema hakuna ubaya wowote, na akaniuliza kwa nini nimenong'ona.

Mama na ndugu zangu walikubali siku ya kwanza, siku ya pili wakasahau. Ni mbali, walisema. Kuna upepo. Unawahi adhana au unawahi sukuma? Mfereji ulikuwa unalowa na kukauka kabla maji hayajafika tuta la kwanza. Sikuwa na uwezo wa kuwaamrisha. Niliona deyr inakuja, mbuzi wanaingia, na mimi nasimama pembeni.

Kisha alasiri moja Ayeeyo alitoka na birika lake. Alisimama mlangoni, akalitazama jiwe lake la siku zote, akalipita. Alivuka uwanja mzima kwa fimbo, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika, upepo ukimvuta shungi. Nilikimbia nimchukulie birika.

"Acha," alisema. "Sijafa."

Alikaa juu ya jiwe la kona, akatawadha taratibu sana, bila kupunguza kitu, na maji yakashuka mfereji yakafika tuta la kwanza la sukuma, pale pale aliponyunyiza kwa mkono wake. Aliyatazama mpaka yakaisha. Alipomaliza kuswali aliketi mlangoni akapaza sauti nyumba nzima isikie.

"Kuanzia leo mtu nikimwona anatawadha hapa mlangoni, nitajua miguu yake inauma kuliko yangu. Aje anionyeshe magoti yake."

Hakuna aliyekwenda kumwonyesha magoti. Kuanzia alasiri ile, watu saba, mara tano. Jirani yetu, mama mmoja anayefuma mikeka, alikuja kuswali kwetu akaelekezwa kwenye jiwe la kona kama mgeni anavyoelekezwa kwenye kiti. Alirudi nyumbani kwake akiwaambia watu kwamba kwetu hata udhu una shamba. Akaanza kuja mara kwa mara. Ijumaa wageni walipokuwa wengi, tuta la mwisho lililowa mpaka nikaogopa mizizi itaoza.

Wiki mbili niliacha maji yapite tu, bila kupanda. Ile miche niliihifadhi kwenye makopo kivulini. Utando mweupe uliisha. Nilionja udongo kwa ncha ya ulimi, nikatema, nikaonja tena siku iliyofuata. Ulipokuwa hauna ladha ya kitu chochote, nikapanda.

Ningeweza kueleza kila jani. Sukuma iliyosimama siku ya kumi bila njano. Bamia iliyotoa ua, na mdogo wangu akadhani ni mapambo. Siku niliyovuna mara ya kwanza niliyakata majani kwa kisu, si kwa kuvunja, nikayapanga kwenye beseni, shina upande mmoja. Mama alipika na kitunguu na mafuta kidogo. Ayeeyo alikaa na sahani yake ya wali akatazama kile kijani.

"Kimetiwa chumvi?" aliuliza.

Mama aliuma midomo.

"Sufuriani tu, Ayeeyo," nilisema.

Hapo ndipo sote tulipocheka, na yeye akacheka kuliko sote, akajifuta machozi kwa ncha ya shungi. Akala. Hakusifu. Akaomba nyongeza, na kesho yake akauliza kama kuna nyingine. Kuanzia hapo hakuna wiki iliyopita bila mboga za zizini, na jirani mfuma mikeka alikuwa akija na sufuria yake kabisa.

Deyr ilinyesha usiku na mchana, siku tatu. Mchanga wa mtaani ukawa tope. Siku chache baadaye abti alifika kutoka Bura kwa miguu, amekonda, na mbuzi mbele yake. Walikuwa sita. Sote tulisubiri uwanjani kuona kama wengine wanafuata nyuma. Hakukuwa na wengine.

Aliwapeleka moja kwa moja zizini, kama alivyokuwa akifanya maisha yake yote, akavuta tawi la mlango. Akasimama.

"Nani amepanda majani ndani ya zizi la mama yangu?"

Mbuzi walikuwa wameshanyoosha shingo. Ayeeyo alikuja na fimbo yake, akajiweka kati ya mbuzi na mlango, akampa mwanawe salamu zote kwa utaratibu, afya, safari, watu wa Bura, mvua za Bura. Abti alijibu zote macho yakiwa kwenye sukuma.

"Mama, mbuzi watalala wapi?"

"Wako wangapi?"

"Unawaona."

"Nataka uniambie."

"Sita."

"Na zizi nililipima la wangapi?"

Ayeeyo aliwatazama wale mbuzi sita kwa muda, mmoja mmoja, na nilimwona akimtambua mzee wao, jike lenye sikio lililochanika. Alimgusa kichwani. Kisha aliingia zizini, akatembea kando ya mfereji bila kuukanyaga, akafika mwisho wa tuta la tano. Pale akakokota ncha ya fimbo chini, kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, mstari mrefu kwenye udongo uliolowa.

"Huku mbuzi," alisema. "Huku mboga. Wakizaa, tutawatafutia nafasi nje. Matuta hayaguswi."

"Mama, hili ni zizi. Watu watasema nini?"

"Watasema nini? Waje wale kwanza, ndipo waseme."

Abti alivua kofia akajikuna kichwa. Alikuwa amechoka, na nafikiri alikuwa na njaa pia, maana alinyoosha mkono akagusa jani la sukuma kwa nyuma ya vidole, kwa uangalifu, kama mtu anayegusa kitu chenye mwenyewe.

"Haya," alisema. "Nitakata miiba ya kugawanya. Mlango wa mbuzi niuweke wapi?"

Alimuuliza Ayeeyo. Ayeeyo akanielekezea fimbo.

"Usiniulize mimi. Upande huu una mwenyewe. Muulize maji yake yanapita wapi."

Abti aligeuka akanitazama. Mama alinitazama, ndugu zangu wakanitazama, na jirani alikuwa amesimama na sufuria yake. Nilisafisha koo. Nilisema kwa sauti ambayo hata jirani aliyekuwa nyuma kabisa aliisikia: maji yanaingia kwa kona ya juu, kwa hiyo mlango wa mbuzi uwe chini, upande wa barabara, na ukuta wa kugawanya uache hatua mbili kutoka tuta la mwisho, kwa sababu mwaka huu naongeza la sita.

Abti alihesabu hatua mbili kutoka kwenye tuta, akaweka jiwe la alama, akaenda kutafuta panga.